Vyungu Sita vya Mchele

Mwanangu anasoma nyumbani, huu mwaka wa pili, na mwalimu wake ni mimi niliyeishia darasa la saba. Sikuchagua. Miguu yake haijambeba tangu alipougua akiwa mdogo, na aliyekuwa akimpeleka shule ni baba yake, kwa baiskeli, amemfunga kwa kanga kwenye kiti cha nyuma ili asidondoke kwenye tope. Kutoka kwetu hapa Katumba Songwe mpaka shuleni si mbali kwa mwenye miguu. Baba yake alipofariki, baiskeli ikabaki imeegemea ukuta na mtoto akabaki ameketi mlangoni. Nilijaribu kumbeba mgongoni. Alikuwa na miaka kumi, mrefu kama baba yake. Siku ya tatu niliteleza naye kwenye tuta la mpunga, tukarudi nyumbani wote wawili tumejaa tope, hakuna aliyemlaumu mwenzake. Siku ya nne hatukwenda.

Mwalimu wake wa darasa alikuja kutuona. Alileta vitabu viwili vilivyochakaa na karatasi aliyoandika kwa mkono mada za muhula mzima.

"Mama, ukimfundisha haya, mitihani nitamletea hapa hapa. Jina lake silifuti."

"Mimi sina vifaa, mwalimu."

Akatazama mikono yangu. "Wewe kwenu si ziwani? Udongo unaujua. Tengeneza."

Kwetu ni ziwani kweli, mbele ya Matema, kwa Wakisi, ambako mtoto wa kike hujua kufinyanga kabla hajajua kusuka nywele. Basi nilitengeneza. Herufi nilizifinyanga kwa udongo wa mfereji nikazichoma jikoni. Tuliandika kwa mkaa nyuma ya kalenda za zamani. Kuhesabu tulitumia visoda. Kugawanya nilikuwa nimekusahau, kwa hiyo nilijifunza alfajiri, yeye akiwa bado amelala, nilichokuja kumfundisha saa nne kana kwamba nimekijua siku zote. Alinikamata mara moja tu.

"Mama, hesabu yako ina mguu mbovu kama wangu."

Nilifuta nikaanza upya. Mtoto huyu huniambia mambo ambayo mtu mzima angeyameza.

Mada iliyonishinda ilikuwa fedha. Kitabu kilikuwa na picha ya duka lenye rafu mpaka darini, na mtoto aliyevaa viatu ananunua mkate na siagi na kurudishiwa chenji. Kwetu pesa ilikuwa haikai ndani kiasi cha kuichezea. Nikafinyanga sarafu. Kubwa nilizipima kwa mdomo wa kikombe, ndogo kwa kisoda. Nikapanga duka kwenye mkeka: chumvi, kiberiti, kipande cha sabuni, ndizi mbili.

"Karibu, mteja," nikasema.

"Ndaga," akashukuru kwa Kinyakyusa. "Sarafu zako zinanuka moshi."

"Pesa zote zinanuka. Unanunua nini?"

"Sabuni. Bei gani?" Nikamtajia. "Ghali. Dukani kwa jirani ni nusu ya hapo, na hicho kipande chako kimeshatumika."

Alichukua sabuni na ndizi zote mbili, na mimi mwenye duka nikabaki na sarafu mbili za udongo. Kichwa cha biashara alikuwa nacho. Mimi sikuwa nacho, na siku moja, nikitaka kumwonyesha kwamba hata mimi ninajua kitu, nikamfundisha hesabu ya kwetu.

Nilimwambia: kwetu chungu hakitajwi bei. Bibi zangu walikuwa wanavipakia kwenye mtumbwi mpaka sokoni, na mwenye mpunga au mahindi anayekitaka chungu anakijaza. Kikijaa, nafaka ni yako na chungu ni chake. Mnunuzi mwaminifu anajaza mpaka shingoni, anakigonga gonga ubavuni ili nafaka ishuke, kisha anaongeza. Wewe mwenye chungu ukiridhika unasema "kimejaa". Ukishasema hivyo, biashara imekwisha.

"Ukisema kimejaa huwezi kurudi nyuma?"

"Huwezi. Hata ukigundua baadaye umepunjwa. Neno limekutoka."

"Na kama chungu ni kinene kwa nje lakini tumbo lake dogo?"

"Basi aliyekifinyanga vibaya amejipunja mwenyewe."

Akafikiri. "Na kakao? Kakao unajaza nini?"

Nilimwambia kakao inapimwa kwenye mzani, nikainuka kwenda kutazama moto ambao haukuwa na shida yoyote.

Lazima nieleze hapa kilichonifanya niinuke.

Mume wangu alikuwa na miti ya kakao aliyopewa na baba yake, nyuma ya migomba. Msimu wake wa mwisho ulikuwa na jina ndani ya nyumba yetu, uliitwa msimu wa kiti. Fundi mmoja wa Bondeni, kule mjini Kyela, huunda viti vya magurudumu matatu vinavyoendeshwa kwa mikono. Mume wangu alikwenda kwake, wakapatana bei, akampeleka mtoto akapimwa urefu wa mikono. Matunda yalikuwa bado madogo. Mtoto alikuwa akiyahesabu kutoka mlangoni. Kisha mume wangu akaugua siku chache tu, akafariki.

Watu walikuja msibani kutoka Talatala, kutoka mjini, kutoka kwetu ziwani. Msiba wa huku ni kula. Siku ya pili mchele ukaisha. Mdogo wa marehemu, ambaye nyumba yake na yetu zinatazamana, akaja mlangoni pa jiko.

"Shemeji, watu hawajala. Ghalani kwangu mchele upo. Nipe kakao ya kaka ya msimu huu, nikujazie vyungu."

Vyungu vilikuwa sita, vikubwa, nilivyokuja navyo nilipoolewa. Alivijaza kimoja kimoja mpaka shingoni. Akavigonga ubavuni, mchele ukashuka, akaongeza. Nilikuwa nimekaa chini na kanga ya msiba, kichwa kimejaa maji, na nilichokiona ni mtu anayejaza, anagonga, anaongeza. Kwetu huyo ni mwaminifu. Nikasema, "Vimejaa."

Sikumlaumu wakati ule na sijui kama nina haki ya kumlaumu sasa. Hakuniibia. Nilipima kakao kwa vyungu, kosa ambalo mwanamke wa kijiji hiki asingelifanya hata akiwa usingizini, kwa sababu yeye amekulia kwenye mzani. Mimi nimekulia kwenye chungu.

Mtoto alipouliza kiti, nilimwambia kakao yote imeoza mtini kwa mvua. Ni kweli kwamba huwa inaoza, matunda yanakuwa meusi. Mwaka ule haikuoza.

Baada ya somo la vyungu nilitaka kuiacha mada ya fedha. Nilimwambia turukie vipimo vya pembe. Akakataa, karatasi ya mwalimu ilikuwa inasema faida na hasara ndiyo inafuata. Kitabu kilikuwa na hesabu za faida na hasara za mtu anayeuza viatu. Hakuzielewa, nami sikuzielewa. Ndipo nikafanya jambo la kijinga. Nikatoa bahasha ya stakabadhi ambazo baba yake alikuwa akipewa kwenye chama cha msingi kila alipopima kakao. Kilo, tarehe, bei, jumla, saini. Hakuna kitabu bora kuliko hicho, na kilikuwa na mwandiko wa baba yake pembeni. Alizishika stakabadhi zile kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika kifaranga.

Wiki mbili tulisoma humo. Alijumlisha misimu, akatafuta wastani. Kwa kawaida miti ya baba yake ilitoa kilo mia na themanini kavu. Alizipanga stakabadhi kwa miaka kwenye mkeka, na alipofika mwisho akaacha nafasi.

"Ya msimu wa kiti iko wapi?"

"Nilikwambia. Ilioza."

"Mama, baba mdogo alivundika kakao kwenye majani ya migomba, pale karibu na ukuta. Siku sita. Mimi ndiye niliyekaa naye kutoa mbegu kwenye maganda. Nilifikiri ni ya kwake." Akanusa hewa, kana kwamba ile harufu ya uchachu ingali ipo. "Ila miti yake baba mdogo aliikata mwaka ule, akapanda michikichi."

Nilikuwa nimeketi ndani ya nyumba ya mume wangu, kwenye kiwanja cha baba mkwe wangu, mbele ya mlango wa shemeji yangu. Ningeweza kurudi ziwani, lakini miti isingerudi nami, na miti ni ya mtoto. Pa kwenda palikuwa hapo hapo kwenye mkeka. Nikamwambia yote, vyungu, mchele, neno nililosema. Nilimwomba msamaha kwa kumdanganya.

Hakulia. Aliomba mkaa na karatasi. Siku mbili hakuzungumza nami ila kwa mambo ya lazima, maji, chakula, nisogeze. Mwalimu alipopita kuleta jaribio, nilimsikia mwanangu akimuuliza bei ya mchele mwaka ule na bei ya kakao mwaka ule. Kisha akaniambia nijaze mchanga kwenye chungu kimoja cha vile sita, nimletee kopo nami nipime naye. Nilipima. Nilikuwa kama mtu anayeshikilia taa wakati wanamtafuta yeye.

Jumapili, baada ya ibada, baba mkwe wangu huja kumwona mjukuu wake. Hapa kwa Wanyakyusa mke wa mwana hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hasemi naye, akimwona njiani anaacha njia. Siku hizi wapo wanaolegeza, lakini mimi ni mgeni, Mkisi, na nimeishika desturi hii kwa nguvu kuliko wenyeji ili nisiambiwe sikufundwa. Tangu niolewe, miaka kumi na miwili, alikuwa hajaisikia sauti yangu. Naye ananisaidia. Akifika kwenye migomba anakohoa, nami naingia jikoni. Jiko letu ni la mianzi. Nikiwa ndani nainamisha macho, kwake naona viatu na ncha ya fimbo.

Jumapili hiyo alikohoa, nikaingia. Wakasalimiana kwa Kinyakyusa kama kawaida yao, na mengine waliyosema nayaandika kwa Kiswahili.

"Babu, nina hesabu ya kukuonyesha."

"Mimi hesabu niliziacha darasa la pili, na zenyewe zilifurahi."

"Hii utaiweza. Ni ya kakao."

Nilisikia sarafu za udongo zikipangwa juu ya mkeka. Kila sarafu ni kilo kumi, alimwambia. Sarafu kumi na nane ndizo kakao ya baba. Vyungu vya mama ni sita, kila kimoja kinachukua kilo kumi na tano za mchele, jumla tisini. Mwaka ule kilo moja ya kakao kavu ilinunua kilo tatu za mchele.

"Tisini kugawanya kwa tatu, babu?"

Babu akajibu polepole, "Thelathini."

"Unaona? Wewe ni mwongo, darasa la pili ulilimaliza." Akaondoa sarafu tatu. "Hizi zililiwa msibani. Hizi kumi na tano ziko wapi?"

Sikujua kwamba angefanya hivi. Au nilijua, siku ile ya mchanga, nikaacha.

Baba mkwe alimwita mwanawe. Shemeji akaja, akasikilizishwa hesabu yote tangu mwanzo.

"Huyu mtoto apewe kazi kwenye chama," shemeji alisema, akijaribu kucheka.

"Jibu."

"Baba, ilikuwa bado mtini. Ingeoza ingekuwa hasara yangu, na hakuna ambaye angekuja kunipa pole. Nilitoa mchele watu wanamlilia kaka. Vyungu nilivijaza nikaongeza. Yeye mwenyewe alikubali."

"Alikubali akiwa na akili zake, au ulimnyang'anya akiwa analia?"

"Alikubali. Alisema vimejaa."

"Nani alisikia?"

Shemeji hakuwa na shahidi. Wanaume walikuwa nje, wanawake walikuwa kwenye majiko ya uani. Niliona ncha ya fimbo ikigeuka kumwelekea mtoto.

"Wewe ulikuwa mlangoni pa jiko siku zile zote. Ulimsikia mama yako akisema vimejaa?"

Alikuwapo. Maneno ya kakao yalisemwa kabla hajaletwa jikoni, lakini vyungu vikijazwa alikuwa kando yangu, ameshika kifuniko cha chungu cha sita. Nilipolisema lile neno alinipa kifuniko nikafunika.

"Sikusikia," mwanangu akasema.

"Hukusikia kabisa?"

"Kabisa, babu."

Baba mkwe akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyekwisha kuamua. Akamwambia shemeji: "Basi umemchukulia mjane wa ndugu yako. Kilo mia na hamsini. Utarudisha kwa msimu wako au utarudisha kwa ng'ombe."

Ilibaki mimi kukaa kimya, na kukaa kimya ndiyo desturi yenyewe. Hakuna mtu ambaye angenilaumu. Mke wa mwana haongei. Kiti kilikuwa kama kipo pale, upande wa pili wa mianzi, niliyaona magurudumu yake. Nilimwona pia shemeji yangu, ambaye kwa ubaya wake wote hakuwa amesema uongo, amesimama na mikono imening'inia. Kama mtoto angeweza kutembea ningemwita ndani nimnong'oneze, yeye akapeleke neno. Hangeweza.

"Nilisema," nikasema. "Nilisema vimejaa."

Baba mkwe alisimama, akaligeuzia jiko mgongo, ingawa ukuta ulikuwa kati yetu.

"Nani amesema?" alimuuliza mtoto, na alijua.

"Mama."

Kuku walikuwa wanaparura kwenye majani. Aliposema tena sauti yake ilikuwa ya chini.

"Basi imekwisha. Kilicholiwa msibani hakidaiwi, na neno likitoka limetoka. Msimu ujao miti ya baba yako isiguswe na mtu mpaka wewe uwe umekaa kwenye mzani. Umenisikia? Na wewe umenisikia?" Hilo la pili alimwambia shemeji. Kisha akamwambia mtoto, "Mwambie mama yako, kuku."

Kuku ni faini ya kumsemesha mkwe. Akaondoka. Alipofika kwenye migomba alikohoa, kunijulisha kwamba naweza kutoka.

Shemeji naye akavuka uwanja akaingia kwake bila kututazama. Nilitoka nikakaa kwenye mkeka. Mwanangu alikuwa anakusanya sarafu.

"Ungenyamaza tu," akasema.

"Ungekuwa uongo."

"Uongo ulikuwa wangu. Niliubeba mimi. Wewe ulitakiwa kunyamaza tu, na kunyamaza umezoea."

"Shemeji angelipa kitu ambacho hadaiwi."

"Mama." Alikuwa hanitazami. "Asiyetembea ni mimi."

Nimetafuta jibu la maneno hayo tangu siku ile mpaka leo. Mvua imeshaanza, maji yamejaa kwenye mitaro pande zote za kiwanja, miti imezaa na matunda bado ni ya kijani. Kila asubuhi namsogeza mlangoni anayahesabu. Jibu silioni. Ningejua kwamba kumfundisha mtoto fedha kungeishia hapo, labda ningemwachia yule mtoto wa kitabuni mwenye viatu na siagi yake.

Kesho yake ya Jumapili ile nilitandika mkeka saa nne kama kawaida. Sikujua tuanzie wapi. Yeye alikuwa amejiandaa. Alinisukumia kipande cha kalenda na mkaa.

"Leo unafanya wewe," akasema. Swali aliliandika kwa herufi nzuri, kama za mwalimu wake: *Mama akinyamaza anapata kilo 150 za kakao. Mama akisema anapata 0, na anatoa kuku 1. Tafuta hasara.*

Nilifanya. Nikaandika kilo, nikazigeuza kuwa pesa kwa bei ya stakabadhi ya mwisho, nikaandika: kiti kimoja, kuku mmoja, na chenji. Sikuficha kitu. Akachukua karatasi, akaikagua mstari kwa mstari, kidole kikifuata.

"Kuku yupi?"

Tulikuwa nao wawili. Mmoja ni mzee, hatagi tena. Mkwe asingejua.

"Yule anayetaga," nikasema.

Kisha akachora mkasi, alama ya kukosa, juu ya jumla yangu na kunirudishia karatasi.

"Hukuhesabu mayai," akasema. "Rudia."

Nikachukua mkaa, nikarudia.